Udongo wa Ziwa Ulienda Wapi

Klabu yetu ya Kichina ilishinda shindano la kuimba, na zawadi ikawa wanafunzi sita kupelekwa Beijing. Mimi niliimba kwa kufungua mdomo tu bila kutoa sauti, lakini hiyo ni siri yangu. Kabla ya safari nilimwonyesha susu, nyanya yangu, picha ya bustani ya wafalme wa zamani kwenye simu. Ziwa kubwa ajabu, kilima kando yake, majumba juu.

"Hili ziwa lilichimbwa na watu," nikamwambia.

"Kwa trakta?"

"Zamani hizo? Kwa mikono, susu."

Sasa, susu ni mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana mitaro ya shamba na kujenga mabwawa ya mchanga huku kwetu Mwala, Machakos. Mfalme hamtishi. Aliitazama ile picha mpaka skrini ikazima.

"Na udongo wakautupa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Si unaenda? Uliza. Ukirudi na picha za meno yako tu, ule mtaro wa juu utauchimba peke yako likizo yote."

Ule mtaro unaanzia kwa mwembe na unaishia karibu Tanzania.

Basi nikafika. Kuna baraza refu lililochorwa picha kwenye kila boriti, hadi shingo inauma. Kuna mashua ya mawe ukingoni mwa ziwa, haijawahi kwenda popote, kama basi la shule yetu. Wenzangu walimuuliza dada aliyetuongoza malkia alilala wapi, alivaa nini. Mimi nikauliza udongo.

Dada akacheka. "Umesimama juu yake."

Kumbe kile kilima kilikuzwa kwa udongo wa ziwa! Nikaangalia viatu vyangu kwa heshima. Lakini mtu wa Mwala haamini udongo kwa maneno. Nikachepuka chini ya mti, nikachota kiasi, nikautemea mate, nikauviringisha viganjani jinsi susu alivyonifunza: ukitoa kamba isiyokatika, huo ni udongo wa mfinyanzi, na huenda kweli ulitoka chini ya maji.

Kamba ilikuwa inakuja vizuri tu, filimbi ikalia. Askari.

"Wewe!" Mwalimu wetu alifika kabla yake. "Umetoka Machakos kuja kucheza na matope ya mfalme?"

"Napima, mwalimu."

"Pima tabia yako!"

Askari akafika. Alinyoosha kidole chini: rudisha. Nikarudisha. Akanyoosha kidole kwenye viganja vyangu: hata huo. Nikapangusa. Akaupiga udongo kwa ncha ya kiatu ukakaa sawa, akaondoka.

Nyumbani nilimkuta susu shambani. Sikungoja hata kusalimia vizuri.

"Walitupa juu! Wakakuza kilima!"

Susu akapiga paja. "Fanya juu!" Hivyo ndivyo tunavyoita mitaro yetu, kwa sababu udongo unautupa upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. "Kumbe mfalme ni mtu wa huku."

Nikajiona huru. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea kwenye kivuli.

"Ngoja. Na hao wachimbaji, nani aliwapikia?"

Kwa mwethya hakuna anayeinua jembe kabla ya kujua sufuria iko kwa moto wa nani. Mwenye shamba ndiye hupika. Nilikuwa na picha arobaini za mashua ya mawe na hata moja ya jikoni sikuwa nayo. Siku nzima nilitembea mle ndani, wazo hilo halikunijia.

"Pengine... mfalme?" nikasema.

"Mfalme alipika?"

"Susu, aki, ulisema udongo tu!"

"Jembe liko nyuma ya ghala."

Siku ya tatu ya kuchimba, kila nikirusha udongo juu, nusu yake inanirudia miguuni. Adhuhuri susu akaja na isyo, mahindi na maharagwe, bado yanafuka moshi, akaketi ukingoni.

"Kula. Usije ukawaambia Wachina huku watu huchimba na njaa."

Nikala. Kisha, mikono ikiwa bado michafu, nikamtumia yule dada wa Beijing ujumbe: ni nani aliyewapikia wachimbaji? Akajibu kwamba hajui, ataulizia. Nikamwomba afanye haraka, hata kwa mwembe sijatoka.