Njuga za Babu na Sauti ya Afande

Nakumbuka siku moja Bibi yangu alinikuta nimekaa kizingitini pa nyumba yetu ya Mpumudde, rungu mapajani, nalinda heshima ya mbwa. Cheka tu, mwanangu. Nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, ninayejua kuchora moyo wa chura na vyumba vyake vyote, na hiyo ndiyo kazi niliyoipata baada ya vita. Ilinifaa pia. Tangu zamani mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na kazi ile ilikuwa na kivuli na haikuwa na safari.

Umeniuliza kama umlete yule mbwa wa kigeni uliyemwona kwa rafiki yako, umchanganye na mbwa wetu wa kuwindia, au ubaki na hawa wa ukoo safi wa wazee wetu. Maneno ni yako, ukoo safi. Swali lako ni fupi, lakini jibu langu litapita Buwenge na Mbale kabla halijakufikia. Vuta kigoda.

Mbwa niliyekuwa namlinda aliitwa Kimya. Alikuwa jike mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja kama kata ya kubebea mtungi. Mbwa wa aina yake hawabweki. Ndiyo maana Babu aliwafunga njuga shingoni. Wakizama majanini, wewe unafuata mlio. Na walikuwa na tabia moja iliyowapa jina hadi Mbale: wakimkamata mnyama hawamli. Wanamshika, wanangoja kisu. Sisi ni Wanubi, na Waislamu. Mbwa akila windo amejiwindia mwenyewe, nyama hiyo haiingii chunguni kwetu. Kwa Babu, mbwa mwenye subira ndiye mbwa. Wengine wote aliwaita walaji.

Kabla ya vita, nyama ya Babu ilifika kila nyumba ya mtaa wetu, kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Kisha serikali ya wanajeshi ikaanguka, na watu wakakumbuka ghafla kwamba sisi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudan. Tukakimbilia Buwenge kwa ndugu za Bibi, ambao ni Wasoga. Babu alifia huko kwa homa. Tuliporudi Mpumudde, nyumba haikuwa na mlango wala mabati. Waporaji walichukua hata njuga. Katika kundi lote la mbwa tulimkuta Kimya peke yake, amelala pale palipokuwa jiko, mbavu nje, kama mtu aliyeambiwa angoje.

Majirani hawakutufukuza. Ila hawakutusalimia. Mwanangu, hujui jinsi mtaa unavyokuwa mrefu ukiupita asubuhi na hakuna anayekuuliza umelalaje. Bibi ndiye ambaye jambo hilo lilimkata maini zaidi. Alitaka nyama ianze tena kupita milangoni, maana hakujua njia nyingine ya kurudi kwa watu. Mimi nilitaka Babu abaki. Sote wawili tulikuwa tunamtazama mbwa mmoja.

Na mbwa mwenyewe alikuwa amezeeka. Aina ile hupata joto la kutaka dume mara moja kwa mwaka. Zikikupita siku hizo, umekosa mwaka mzima, na kwa Kimya huenda hapangekuwa na mwaka mwingine. Dume wa ukoo wake alikuwa Malukhu, kule Mbale, kwa Mzee Marjani, rafiki wa Babu wa kuwinda. Lakini barabara ilijaa vizuizi vya askari, na Mnubi mwenye akili hakusafiri. Mimi nilisema tungoje njia ifunguke.

Aliyekuwa karibu ni Afande. Alikuwa dume kubwa, masikio ya kulala, lililoachwa na ofisa mmoja siku ya kukimbia. Jina lake hakuna aliyelijua. Watu walimwita Afande kwa sababu alizoea kubwekea kila mtu bila kueleza kosa. Siku hiyo, joto la Kimya limefika, alikuwa amejilaza nje ya ua wetu, ananitazama, anatazama rungu, anapiga miayo.

Jirani yetu Mama Kagoya alipita na ndoo yake. Miezi yote hiyo hakuwa ametupa hata neno moja. Akasimama.

"Nyinyi wajukuu ya askari," akasema, "hata mbwa munamuwekea kizuizi?"

Akaenda zake. Bibi akatoka ndani, mikono ina unga.

"Unafanya nini hapo?"

"Nalinda damu ya Babu."

"Babu yako amekufa. Damu yake ndiyo hiyo imekaa na rungu mchana kutwa."

"Bibi, yule ni mbwa wa jeshi. Hatujui ametoka wapi. Tutaharibu ukoo."

"Ukoo," akasema Bibi, taratibu, kama anayeonja chumvi. "Baba wa babu yako alikuja hapa amebeba bunduki ya mtu mwingine, hata kijiji chake hakukitaja. Mimi nilitoka Buwenge na kikapu cha viazi. Siku tuliyooana, nani alikaa mlangoni na rungu?"

Nikalihamisha rungu kutoka paja hili hadi lile. Moyo wa chura haukunisaidia.

Bibi akaketi karibu yangu, sauti ikashuka. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kimya bila njuga ni kama upepo. Atazama majanini, atamshika paa, atangoja kisu mpaka Kiyama na wewe humwoni. Njuga hatuna, na mfua chuma amekimbia. Yule pale ana sauti."

"Ana na meno."

"Ana na meno. Watoto watatuonyesha wamechukua nini kwa nani."

Akanyoosha mkono. Nikampa rungu. Akaenda kusongea nalo ugali, maana hata mwiko uliporwa.

Wakazaliwa watoto wanne. Bibi alikataa tuwape majina mpaka wafanye kazi. Walipokomaa tukawapeleka Buwenge, kwa kaka yake Bibi, ambako nyuma ya mashamba kulikuwa na pori lenye paa. Siku ya kwanza dume mkubwa alibweka vizuri kabisa, nikamfuata kwa sauti, nikafika, nikamkuta amemaliza paja. Nilimbeba yule paa hadi kwa Bibi. Tulikuwa tumekula muhogo na mboga tangu turudi Mpumudde, na wenyeji wetu walikuwa wameshawasha moto. Bibi akamtazama yule paa, akamtazama mbwa.

"Nyama hii ni yake," akasema. "Mrudishieni."

Nilifurahi kwamba nilisema kweli. Tumbo langu halikufurahi. Siku iliyofuata nduguye akafanya vile vile, na usiniulize jinsi nilivyopita mbele ya Bibi nikijipiga kifua. Yeye aliendelea kumenya muhogo. Sasa najua alikuwa anaogopa. Kama wote wangekuwa walaji, ukoo wa Kimya ulikuwa umekwisha, na aliyeumaliza ni yeye.

Kisha tukamtoa jike mdogo, mwekundu kama mama yake, sikio moja wima na moja limelala. Akazama majanini. Akabweka mara chache, kwa mbali, upande wa bonde. Halafu akanyamaza.

Mwanangu, mbwa anayebweka akinyamaza ghafla, mdomo wake una kazi. Nilikimbia mbio ambazo mwili huu haujawahi kuzirudia na wala haujakusudia. Njiani niligundua kitu cha kunishangaza: nilikuwa naomba niwe nimekosea. Heshima yangu yote ilikuwa katika paja lililoliwa, na mimi naomba nilikute zima.

Nilimkuta amemlalia paa, amemshika ngozi ya shingo, udenda unamtiririka, mwili wote unatetemeka kwa hamu. Hakuwa amemla hata kidogo. Akaniinulia macho. Babu pia alikuwa ananitazama vile nikichelewa na kisu. Nikasema Bismillahi, nikachinja, kisha nikakaa chini nikalia kidogo, nikisingizia mbio.

Tuliporudi Mpumudde, Bibi aliikata ile nyama vipande vidogo ili itoshe mtaa, akanituma. Nilianza na mlango wa Mama Kagoya, kwa kuwa ndio niliouogopa zaidi.

"Nani amechinja?"

"Mimi."

"Na mbwa ya Afande ndio imekamata?"

"Mtoto wake."

Akaipindua nyama kwa kidole. "Yule mzee alikuwa ananiletea kipande cha mbavu," akasema. "Wewe umeniletea shingo. Ingia basi, nikupe sahani yenu." Ilikuwa sahani ya Bibi, yenye maua ya buluu. Aliinunua kwa waporaji, akaitunza. Asubuhi yake alimwuliza Bibi amelalaje.

Yule dume mlaji tulimpa Mama Kagoya amlindie nyumba, maana wezi walikuwa wengi na sauti ya baba yake iliwatosha. Nduguye akachukuliwa na fundi baiskeli. Wa nne hakuwa na sauti wala subira, alipenda kulala tu. Huyo nilibaki naye mimi, tulielewana sana.

Barabara ilipotulia, Bibi akaniambia, "Sasa mpeleke kwao." Nikapanda lori, mimi, na yule jike miguuni pangu, hadi Malukhu. Mzee Marjani alimzunguka akilitazama lile sikio.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa Kimya, Mzee. Na Afande."

"Afande yupi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mbwa wake. Alikuwa amewaoza ndugu kwa ndugu miaka yote ya vita, na watoto walikuwa wakizaliwa wachache na dhaifu. Dume lake moja lililobaki na afya akatupatia sisi, lipandane na jike wetu. Hakusema tumefanya vyema. Alisema chai ipo.

Basi, mwanangu, toka nje uwatazame hao mbwa wako wa ukoo safi. Uliwahi kujiuliza kwa nini karibu kila mzao una mmoja mwenye sikio la kulala?

Nasaha yangu ni hii. Usimchanganye mbwa kwa sababu umetamani manyoya ya rafiki yako. Tafuta kwanza ambacho wako hana na anakihitaji, kama vile sisi tulivyokosa sauti. Ujue pia kile usichokubali kukipoteza, hata ukipewa dunia. Kwetu ni ile subira ya kungoja kisu. Watakaozaliwa, uwapime kazini, na asiyeweza usimpige wala kumtupa, mtafutie mlango wake. Aliyeweza, mrudishe kwao akaungane na damu ya zamani. Na siku ukiona mtu amekaa mlangoni na rungu kulinda ukoo, wa mbwa au wa watu, mwulize kwa upole bibi yake alitoka wapi.

Mungu akupe mbwa mwenye sauti na mwenye kungoja. Akupe majirani wa kukuuliza umelalaje. Na ukikosea njiani, kama utakavyokosea, akuwekee karibu mtu anayekupenda, akupokonye rungu akasongee ugali.