Mlango wa Chumba cha Ogeto

Mchana ule Moureen alikuwa na kazi moja tu: kukaa nje ya chumba cha baba mkwe wake na kusikiliza. Mzee Ogeto alikuwa amelala kifudifudi humo ndani, uso ndani ya ngata kubwa ya leso ambayo mkewe, Bilhah, alimkunjia ili apate kupumua. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia ndilo lililopasuliwa, na daktari alikuwa ametia mafuta ndani yake, yaelee na kulikandamiza pazia la nyuma ya jicho lisibanduke tena. Uso sharti uangalie chini, usiku na mchana. Akilala chali mafuta yatakimbilia mbele, pazia libanduke, na mzee awe kipofu. Daktari hakuzungusha maneno.

Shida ilikuwa mlango. Watu wa Kisii wana heshima wanayoiita chinsoni, na familia hii ilihamia nayo hapa Boito pamoja na majembe. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe, wala hamgusi hata mkono. Tangu aolewe na Kepher, Moureen alikuwa akimwekea mzee chai mezani na kurudi nyuma. Heshima nzuri sana hiyo, mpaka jicho la mtu liwe hatarini.

"Ukisikia amegeuka, mwite," Bilhah alikuwa amemwambia, akijitwika majani ya chai kuyapeleka kituo cha kuuzia. "Ataamka."

Akageuka kweli. Kitanda kililia, kisha ukaja mkoromo mnene wa mtu aliyelala chali. Moureen alisogea mlangoni kabisa.

"Baba, geuka. Baba!"

Dawa za maumivu zilikuwa zimembeba. Moureen alipiga sufuria kwa mwiko. Alikimbilia uani akamwita jirani, Janeffer, akijua vizuri kwamba hayuko: lori la kiwanda lilikuwa linakuja, na Boito nzima ilikuwa kituoni na vikapu. Kuku ndio walioitikia.

Akarudi mlangoni. Aliogopa, na alikasirika pia. Alimkasirikia Kepher aliyekuwa kazini Kericho, akamkasirikia na huyu mzee anayekoroma kwa raha huku jicho likimpotea. Kesho wakiniuliza nilikuwa wapi, niseme nilikuwa mlangoni naheshimu?

Aliingia.

Alimshika bega na kiuno, akasukuma. Mzee alikuwa mzito kama gunia la mbolea. Alipomgeuza alikishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaushusha uso taratibu ndani ya ngata. Mkoromo ukakatika.

"Bilhah?"

Moureen alibana pumzi.

"Bilhah?"

Bilhah hakuwahi kufanya kitu kimyakimya maisha yake yote, na hakuna aliyelijua hilo kumshinda mumewe.

"Asante, Bilhah," Ogeto akasema.

Moureen alitoka mbio. Alipofika jikoni ndipo alipoona amevaa patipati mguu mmoja.

Hakuthubutu kurudi. Alimsikia Bilhah akifika, akiingia chumbani, akiuliza maswali, na mzee akimjibu kwa ufupi. Kisha Bilhah alikuja jikoni na patipati mkononi, ile yenye kamba iliyofungwa kwa uzi mwekundu, akaiweka karibu na mguu wa Moureen. Moureen alishindwa kuinua uso.

"Anasema amejigeuza mwenyewe," Bilhah alisema, akijimiminia chai. "Kesho kutwa lori likija, atajigeuza tena. Mlango nitauacha wazi."

Siku daktari alipomruhusu kuinua uso, Ogeto alitoka mwenyewe mpaka uani bila kushikwa. Alisimama mbali na Moureen, umbali ule ule wa siku zote, akaziangalia patipati za Moureen kwa muda mrefu.

"Moureen," alisema, "huo uzi mwekundu hautafika Jumapili. Mwambie Kepher akununulie zingine."