Betri Zilizoanikwa Juani

Fundi wa pale Kariakoo alipofungua mgongo wa redio yangu, betri zilizovuja zilitoa harufu ya kutu na chumvi, ikanirudisha utotoni hata alipokuwa akiuliza, "Mzee, bado unasikiliza zilipendwa?"

Mama alikuwa amekaa eda. Baba, mpuliza tarumbeta wa bendi ya dansi, alikuwa amefariki, na mtangazaji wa redio aliahidi kwamba alasiri ile angepiga kanda pekee ambayo bendi yao iliirekodi pale kituoni. Mama hakuweza kwenda kwa watu kusikiliza, hivyo alizianika betri zetu juani zipate nguvu.

Mwalimu naye alitaka kila mtoto alete betri zilizokwisha, tuziponde, unga wake mweusi tupake ubaoni. Asiye nazo, fimbo. Nilijua za Mama ni za nini. Nikazichukua.

Saa ilipofika, Mama aliuliza, "Nani kachukua betri?"

Nilificha vidole vyangu vyeusi nyuma. "Dada," nikasema. Dada akachapwa, na sijawahi kumwambia ukweli.

Jioni jirani wa ng'ambo ya barabara aliingia mbio. "Shoga, umemsikia mumeo? Lo, lile tarumbeta!"

Mama alisema hakusikia, akamwomba amwigizie. Jirani akabana midomo, pa-pa-raa, akakosea, akarudia, mpaka akajicheka mwenyewe. Mama hakucheka. Alimsogelea, akasema, "Tena, shoga. Taratibu."