Siku Hosiana Alipofunga Duara

Hosiana aliondoka kwetu Kagongwa akiwa hawezi kumwomba jirani chumvi. Ukimtuma dukani anasimama pembeni mpaka wote wahudumiwe, kisha anarudi mikono mitupu na kusema duka limejaa watu. Marehemu dada yangu Melania aliniachia mtoto huyo angali anatambaa, nikamlea pamoja na mwanangu Davis, na nasema kweli, kwa upole wake niliwahi kudhani hana akili. Kumbe akili zote zilikuwa darasani. Davis alikuwa kinyume chake. Huyo angeweza kuwauzia watu maji wakiwa mtoni, lakini madaftari yalimshinda. Aliacha shule kidato cha pili akafuata dhahabu upande wa Geita kama vijana wenzake. Nami nikamfuata, nikafungua banda la chakula palepale machimboni, maana shamba lilikuwa limenichoka kama nilivyolichoka.

Hosiana akaingia chuo kusomea madini. Mwaka wa tatu alichaguliwa kwenda kusoma mwaka mzima Sweden, katika mji mmoja wa kaskazini wenye migodi, ambako Desemba jua halichomozi. Alipopiga simu mara ya kwanza alilia. Alisema watu hawasalimiani kwenye ngazi, na chumbani kimya ni kikubwa mpaka anajisikia anavyomeza mate. Nikamwambia arudi. Hakurudi, na baada ya miezi kadhaa sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mtu mwingine.

Watu huniuliza watoto wetu wanapata nini huko Ulaya. Wanadhani ni makoti na lafudhi. Koti alikuja nalo, lilikuwa moja tu, na Geita halina kazi. Alichokipata Hosiana ni neno hapana. Alirudi anaweza kumtazama usoni mwanaume wa umri wa baba yake na kumwambia hapana, bila kupandisha sauti, kisha akaendelea kunywa chai. Shikamoo alikuwa bado anatoa, tena vizuri. Ila baada ya shikamoo ujiandae.

Jioni moja bandani alitusimulia walivyofundishwa kule. "Wachimbaji wanamchagua mmoja wao," alisema. "Huyo akiona pana hatari, anasimamisha kazi. Hata mkurugenzi hawezi kuirudisha mpaka mkaguzi afike."

Davis alicheka mpaka akapaliwa na ugali. "Huku akisimamisha, anasimamishwa yeye."

"Ndiyo maana nimerudi," Hosiana akasema.

Aliajiriwa na Bartholomeo, mwenye leseni ya machimbo yetu, baba mwenye tumbo na maneno matamu. Maofisa wa madini walikuwa wamemsumbua aweke mtaalamu, naye akaona heri amweke yule binti mpole wa mama muuza chakula. Hakujua kwamba yule mpole alibaki Sweden. Wachimbaji nao, ambao hawapendi mwanamke akaribie mdomo wa duara, shimo lile wanalochimbia, wakidai dhahabu hukimbia, Hosiana walimwacha apite. Huyu amefika Ulaya, walisema, ni nusu mzungu.

Mvua za mwaka ule zilinyesha bila huruma. Asubuhi moja Hosiana aliteremka katika duara walilokuwa wakichimba Davis na kundi lake, akapanda akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yalikuwa yameanza kupinda, na ukuta mmoja ulikuwa unatoa maji. Akalaza gogo mdomoni mwa duara na kusema hakuna anayeshuka mpaka kuta zikauke na matimba yabadilishwe.

Bartholomeo akaja na gari lake. "Mwanangu, watu hawa wameshuka humo miaka yote. Unataka kunifundisha kazi?"

"Shikamoo, baba. Hapana, sitaki kukufundisha. Ila hawashuki."

"Na mimi nikisema washuke?"

"Nitawapigia simu maofisa ukiwa hapahapa."

Akarudi kuegemea gari lake. Siku ile Davis alizunguka machimbo mazima kifua mbele, anamwambia kila mtu huyo ni dada yangu. Nami nilijaa fahari, nikatamani Melania angekuwepo amwone mwanawe.

Aliyeharibu sherehe ni Chacha, kiongozi wa kundi lao, mtu wa Mara asiyezungusha maneno. "Dada injinia, tumekuelewa," alisema. "Na kula?"

Kwetu mchimbaji hana mshahara. Mawe yakipanda juu yanagawanywa. Mwenye leseni anachukua fungu lake, na wachimbaji wanapata viroba vyao vya kupeleka karasha vikasagwe. Mawe yasipopanda, hakuna mgawo, na asiye na mgawo anatazama tu wenzake wakila.

"Hilo mzungumze na mzee," Hosiana akajibu.

Bartholomeo, bado ameegemea gari, akacheka kidogo. "Mimi sijafunga kazi. Aliyefunga anajua mtakula nini." Akapanda gari lake akaondoka.

Basi wakakaa. Mpishi huwajua watu kwa sahani zao. Walianza kwa kuacha nyama, wakaja kwenye dagaa, wakaja kwenye ugali na mlenda, kisha wakawa wanaagiza chai ya rangi na kukaa nayo asubuhi nzima. Niliwapa nilichoweza mpaka gunia langu la unga likabaki vumbi. Hosiana alipita kila siku kukagua kuta na kurudi kusema bado. Alikuwa anasema kweli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, na Hosiana wala hakuwa na shibe ya ajabu. Alikuwa na mshahara tu, nao ulitosha kumziba macho.

Nyuma ya kilima kulikuwa na duara la zamani lililotelekezwa, matimba yake yalishang'olewa yakawa kuni. Chacha akasema watashuka humo kidogo tu, wapate viroba vya kula. Asubuhi hiyo Davis alipita bandani kunywa uji, nikamwuliza kama dada yake anajua.

"Nikimwambia atakuja kulifunga na lile," alisema. "Mama, kundi likishuka nami nikabaki, sina kundi tena."

Nilimkataza. Akasema atakaa juu, atavuta kamba tu.

Hakukaa juu. Duara lile lilifunika watu wanne asubuhi kweupe, nikiwa nachagua mchele. Chacha aliokoka, akavunjika vidole akifukua kwa mikono. Davis walimtoa kesho yake. Hosiana alikuwa kwenye matope pamoja na wanaume tangu mwanzo, na ndiye aliyemfuta uso kabla sijaruhusiwa kumwona.

Tulimzika Kagongwa. Bartholomeo alituma mchele, turubai na pole nyingi. Matanga hayajaanuliwa, zikaja habari kwamba lile duara alilolifunga Hosiana nalo limeanguka lote, likiwa tupu. Majirani wakaniletea habari hiyo kama faraja. Unaona, Mama Davis, binti alikuwa sahihi, wangeendelea kushuka mle wangekufa kundi zima, na Davis akiwemo. Wengine walinong'ona kwamba ndiye aliyewaua, na kwamba mwanamke na duara wapi na wapi. Niliwachukia wote sawasawa.

Kwenye kikao cha uchunguzi Hosiana alisimama bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyesimamisha kazi," alisema, "na sikuuliza watu watakula nini." Hilo nalo alilitoa Sweden, kwamba mtu anataja kosa lake mbele za watu, halafu wote wanakaa kulirekebisha. Huku kwetu ukitaja kosa lako umewarahisishia wenzako, kila mmoja anakubebesha na la kwake. Bartholomeo alitoka kikaoni safi, akapata mtaalamu mwingine, kijana anayekagua maduara akiwa ndani ya gari. Hosiana akapoteza kazi.

Mwaka huu alipata nafasi ya kurudi kule kusoma zaidi, akaja kuniaga. Alikaa mkekani karibu na miguu yangu. Tangu matanga hatukuwa tumezungumza, tulisalimiana tu, kwa sababu kila nikimwona nilimwona na Davis, na hasira na huruma vilinijia kwa pamoja. Lakini safari hii nilikuwa na neno.

"Ukifika," nilimwambia, "mtafute huyo mwalimu aliyekufundisha kusimamisha kazi. Mwulize, siku hiyo wachimbaji wao wanakula nini."

Alivuta nyuzi za mkeka.

"Sina haja ya kumwuliza, mama mdogo," alisema. "Kazi ikisimama, mshahara wao unaendelea kama kawaida. Alitufundisha siku ileile, katika somo lilelile. Niliona ni jambo dogo."

Nilimwambia awahi basi lake. Nilitaka kulia, na sikutaka kulia mbele yake.