Velveti Juu ya Ukuta Mbovu

Kulikuwa na fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari, maana akiwa kazini aliibana misumari mdomoni na bado hakuacha kuongea. Wenzake hufunga mdomo ndiyo kazi iende. Yeye mdomo ulitangulia, kazi ikafuata nyuma inahema. Ila kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Kochi lililovunjika mgongo likiingia kwake lilitoka limenona kama bwana harusi. "Mimi hata punda mzee nikimvalisha sponji," alijigamba, "mtakuja kumchumbia."

Jambo moja tu lilimshinda: safari ya mkewe. Tangu waoane, mama wa watu aliomba apelekwe kwa mdogo wake aliyeolewa kule milimani. Kupanda basi hawezi, ana pumu, vumbi likimbana kifua anataka kushuka, na dereva wa basi hasimami kwa ajili ya kifua cha mtu. "Mwakani," anasema Misumari. Mwakani ikifika, kuna makochi ya hoteli. Nyingine ikifika, kuna viti vya ukumbi. Mwakani yake ilikuwa kama kivuli, ukikifuata kinakwenda mbele.

Siku moja akatokea na gari. Refu, zee, lina kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo ambacho ukikaa magoti yanabisha hodi mlangoni.

"Hili gari au nyumba?" akauliza fundi magari wa jirani.

"Vyote viwili, ndugu yangu."

"Basi umenunua matatizo ya vyote viwili."

Wakaanza kulizoea. Gari lile lilikuwa na masharti kama mkwe. Mlango haufungi mpaka uuinue kidogo, kwa adabu. Pampu ya maji inakohoa kwanza ndipo iteme. Friji, gari likiinama upande hata kidogo, inanuna na haigandishi kitu. Misumari alijifunza yote huku anacheka. Mkewe akafungua makabati, akajinyoosha kitandani kujaribu, akatabasamu kama msichana. Kisha akabonyeza ukuta wa upande wa kichwa kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Baba watoto, hapa pamelowa. Hebu nusa."

"Hiyo harufu ya uzee, mama. Hata mimi ninayo."

"Sitanii. Maji yanaingilia juu. Anza na paa, mengine baadaye."

"Unamfundisha nani ukuta? Ukuta ni kochi lililosimama tu!"

Na hapo akafanya kosa ambalo angelifanya fundi makochi tu. Mtu mwingine angepanda juu na gundi ya kuziba. Yeye alileta sponji nene na velveti ya zambarau, akaufunika ukuta wote, akaupigia vifungo kutoka dirisha hadi dirisha. Majirani walikuja kutazama, wakavua viatu bila kuambiwa. Kichwa kikamvimba mpaka kofia ikakataa kuingia. "Mfalme akilala humu," akawaambia, "ikulu watamsubiri sana."

Mume na mke wakaondoka kwenda milimani. Njia nzima mama ameshusha kioo, hataki kipite kitu hajakionyesha. Mbuzi juu ya mwamba, "Ona, baba watoto!" Daraja, "Ona!" Jioni, wakiwa wamefika nusu ya njia, wakaegesha karibu na kituo cha mafuta, wakachemsha chai, wakalala. Mvua ikashuka.

Sasa sponji, duniani hapa, haina kazi nyingine ila kunywa. Kulipokucha velveti ilikuwa imefura, na uozo uliofichwa nyuma yake umejaza chumba harufu. Mama alikuwa ameketi, mikono magotini, anaivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Dawa yake ya kupuliza haikufua dafu. Misumari aliendesha mpaka hospitali huku akiita, "Mama, nisemeshe! Nitukane basi!" Hata tusi linataka pumzi.

Alipona, tushukuru. Lakini daktari hakuzunguka: kifua kimechoka, safari ndefu sasa basi. Akarudishwa nyumbani kwa teksi, taratibu. Misumari akawafuata nyuma na jumba lake, peke yake.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwake yalikuja mtu mzima, na ndevu zake. Alipoing'oa velveti, ubao ulimegeka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akapanda juu, akaziba paa. Akaweka ubao mpya, akauacha mtupu, bila hata uzi. Fundi magari akamwaga ndoo za maji juu, tone halikuingia. Ndipo akamwita mkewe uani.

"Limekauka, mama. Njoo ubonyeze mwenyewe."

"Nakuamini."

"Basi twende. Polepole. Tutasimama popote utakapo."

"Kifua si kochi, baba watoto. Hukishoni upya." Akajifunika pua na mtandio, akalitazama gari kwa mbali. "Nenda wewe ukaniletee mdogo wangu. Miguu inamvimba, kwenye basi hana pa kuinyoosha. Humo kitanda kipo."

Akaenda. Huko milimani shemeji yake akapakiwa na mito yake, akakikataa kitanda, akang'ang'ania kiti cha mbele. Wakaanza kuteremka.

"Shemeji, ona bonde lile!" akapiga kelele. "Lo! Na ule moshi kule chini, ona! Dada alipapenda hapa?"

"Hakufika huku. Tuligeuzia chini."

"Masikini dada'ngu. Basi tukifika umsimulie, wewe ndiye mwenye maneno."

Misumari akabadilisha gia. Kona ikapita, na nyingine.

"Msimulie wewe, shemeji," akasema. "Mimi nikisimulia, ataona najisifu."