Udongo wa Baba kwenye kaburi la Mviking

Leo nimefokewa kaburini, na aliyelala humo si mtu wetu.

Mnaouliza mbona nilienda matembezi siku Baba anazikwa nyumbani Kanyakine: ningebaki chumbani nifanye nini? Karatasi zangu za hapa Norway hazijakamilika. Nikitoka, sirudi. Basi nikaenda na wenzangu wa darasa la lugha kuona mambo ya Waviking, mabaharia wa kale wa huku.

Tukaonyeshwa samaki walioanikwa kwa miti kando ya bahari, harufu mpaka kwa nywele.

Halafu kilima cha nyasi. Mama aliyekuwa anatutembeza akasema ndani yake kuna chifu wa Waviking, alizikwa pamoja na mashua yake.

Hapo ndipo ndugu yangu Mutwiri akanipigia simu ya video.

Nikaona jeneza likishuka. Nikasikia pasta akisema watoto warushe udongo, kuanzia mkubwa.

"Kendi," Mutwiri akaniambia, "ni wewe."

Mnajua kwetu. Hakuna mtu anarusha kabla ya mtoto mkubwa.

Nikapiga magoti pale kilimani, nikang'oa nyasi, nikachota udongo, nikarusha.

"Hapo ni kaburi," yule mama akanifokea. "Heshimu wafu."

Nikamwambia najua. Wenzangu wote wakaangalia viatu vyao.

Nilipoinua simu, mtandao ulikuwa umekatika.

Udongo bado uko kwa kucha. Sijanawa.

Mliokuwa Kanyakine, niambieni tu: waliningoja, ama waliendelea?