Tope la Ghuba Yetu

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka mpaka leo kifua hunipanda. Miaka ya tisini ilikuwa inayoyoma, nami nimeolewa karibuni huku mashariki ya Unguja. Alikuja tajiri mmoja akitaka kukata mikoko ya ghuba yetu achimbe mabwawa ya chumvi, na wanaume wengi walishakubali kwa tamaa ya kazi.

Mkutanoni wanawake tulikaa nyuma. Nikamnong'oneza mavyaa wangu, mama wa mume wangu, "Wakilichimba tope lile tumekwisha."

Hakunigeukia. "Waniambia mimi kwani mimi ndiye ninayeamua? Wenye kuamua wale pale mbele. Au mdomo umeuazima?"

Nikasimama. Nikawakumbusha maneno ya yule mtaalamu wa kike aliyekuja kuchunguza pwani: mikoko na nyasi za baharini huvuta hewa ya ukaa, hiyo inayoipasha dunia joto. Majani na mizizi ikifa hufukika topeni, haiozi upesi, na hewa ile hubaki imefungwa humo miaka na miaka. Tope likichimbwa, yote hurudi juu.

Tajiri akacheka. "Jani lisilooza mmeliona wapi?" Na waume zetu wakacheka naye.

Kha! Kutuuliza sie, tunaofukia makumbi ya nazi topeni ili tupate usumba, nyuzi za kusokotea kamba! Maji yalikuwa yamekupwa. Nikachukua jembe, wakanifuata wote mpaka pale mamake mavyaa alipofukia makumbi yake miaka mingi nyuma, akafariki hajayafukua. Yakatoka meusi, yananuka, lakini nyuzi nzima. Sheha, mkubwa wa shehia yetu, akavuta uzi mmoja kwa nguvu zake zote. Haukukatika.

"Bwana," akamwambia tajiri, "mabwawa yako kachimbe kwengine."

Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka. Jioni mavyaa alinipa kanga yake mpya, doti nzima. Na mikoko, alhamdulillahi, imezidi kuliko siku ile.

Basi nakuusia, mwanangu. Tope hilo unalolikwepa usichafue viatu linaifanyia kazi dunia nzima, lilinde. Na ukiwa na neno la kweli usilimalizie kwenye sikio la jirani, lipeleke mbele ya wenye kuamua, hata kama watakucheka. Mungu akupe umri na ujasiri, na wajukuu zako wazamishe miguu kwenye tope hilo hilo. Amin.